Mparachichi kwenye baridi kali: mahali kwanza, mche baadaye

Juzi msomaji mmoja wa Makete ameniandikia kwa uchungu. Aliuziwa miche mitatu ya parachichi ya kubebesha (aina nzuri iliyounganishwa juu ya shina la mche mwingine, yaani shina la chini) kwa maneno kwamba "hii haisikii baridi". Akaipanda, akaitunza, na Julai ikaungua yote kwa baridi usiku mmoja. Anataka nimtajie aina nyingine ambayo haitamwangusha. Nilimuuliza swali moja tu: uliipanda wapi? Akajibu: chini kabisa ya kiwanja, karibu na kinyungu (bustani ya bondeni), kwa sababu kule udongo ni mweusi na maji ya kumwagilia yapo jirani.

Jibu liko hapohapo. Naliandika hadharani kwa sababu watu wengi wa Njombe, Mufindi, Makete na Mbeya, na ndugu zetu wa Limuru na Kinangop kule Kenya, wanarudia jambo hilohilo kila mwaka, halafu lawama zote anabebeshwa mwenye kitalu. Mwenye kitalu ana lake la kujibu, nitalifikia. Lakini hakuna aina ya parachichi inayoweza kukuokoa ukiipanda mahali baridi inapotuama.

Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa inayogusana na ardhi hupoa, ikawa nzito, ikatiririka kufuata mteremko kama maji mpaka ikutane na kizuizi au ifike bondeni. Ndiyo maana katika kiwanja kimoja nyasi za chini zinaamka nyeupe kwa jalidi (barafu nyembamba), na zile za mita chache juu yake zina umande tu. Kwa mparachichi, tofauti hiyo ya nyuzi mbili tatu ndiyo kufa au kupona.

Kabla hujanunua mche, pima kiwanja chako. Kazi hii haina gharama. Juni au Julai, siku ambayo anga limetakata na upepo umetulia jioni, chukua sahani nne au tano za bati zinazofanana, tia maji ya kina cha kidole kimoja, uziweke juu ya nyasi kavu sehemu mbalimbali: bondeni, katikati ya mteremko, karibu na ukuta wa nyumba, nyuma ya ua. Amka saa kumi na mbili kasoro, jua halijatoka, uzipitie. Nyingine utakuta utando wa barafu umeshika kingoni, nyingine umefunika sahani nzima, nyingine ni maji tu. Rudia usiku mwingine wa namna hiyo ili uwe na uhakika. Penye maji matupu ndipo pa mparachichi. (Wenzetu wa Kenya wafanye jaribio hili Januari na Februari pia, maana jalidi yao huja sana wakati wa kiangazi hicho.)

Mara nyingi mahali hapo ni katikati ya mteremko, au upande wa kaskazini wa nyumba. Kwetu huku kusini mwa Ikweta, jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama huko hupigwa na jua mchana kutwa wakati ambao mti unahitaji joto kuliko wakati wowote. Ukuta wa tofali za kuchoma hulihifadhi joto hilo na kulitoa taratibu usiku. Panda mita 3 hadi 4 kutoka ukutani, usisogee karibu zaidi, mti ukikua utagombana na msingi na paa.

Angalia pia ua. Michongoma iliyoshonana, au ukuta wa matofali upande wa chini wa mti, huzuia hewa baridi isiendelee na safari yake, ikajaa palepale mti ulipo. Fungua pengo la mita moja au mbili upande wa chini ili baridi ipate pa kutokea. Ua wa upande wa juu uache, huo unaisaidia baridi kukwepa mti.

Sasa aina. Miparachichi ina makundi matatu ya asili: la Mexico, la Guatemala na la visiwa vya Karibi. La Karibi ni la joto. La Mexico limetoka milimani na ndilo linalovumilia baridi. Aina iitwayo Hass ina damu nyingi ya Guatemala. Fuerte ni mchanganyiko wa Mexico na Guatemala: vikonyo vyake (vijiti vya kubebeshea) vilitoka Atlixco, jimbo la Puebla huko Mexico, mwaka 1911, vikapelekwa California, na baridi kubwa ya Januari 1913 ilipoua miche mingi kule, wenyewe ukabaki.

Kwa viwango, mti mkubwa wa Hass huanza kuumia nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Fuerte hufika karibu nyuzi 3, Bacon na Zutano karibu 4, na Mexicola, ambao ni wa kundi la Mexico, karibu 6. Lakini soma namba hizo vizuri. Ni za mti mkubwa, wenye majani yaliyokomaa, kwa saa chache tu za usiku. Mche wa mwaka wa kwanza, hata uwe Bacon, unaweza kuungua nyuzi 1 chini ya sifuri. Maua na machipukizi nayo huungua mapema kuliko majani mazee. Kwa hiyo muuza miche anayesema "haisikii baridi" bila kutaja jina la aina, wala umri wa mti, wala nyuzi ngapi, anakuuzia maneno. Muulize ni aina gani, shina la chini limetokana na mbegu ya wapi, na mche umelelewa wapi. Uliotoka sehemu ya joto, au chini ya kivuli cha kitalu, uuweke nje karibu na nyumba wiki mbili hadi tatu uzoee jua na upepo kabla ya kuupanda.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Mti kuvumilia baridi na mti kuzaa kwenye baridi ni vitu viwili tofauti. Fuerte, Bacon na Zutano zote ni za kundi B la maua: ua hufunguka likiwa jike mchana, likajifunga, kesho yake asubuhi likafunguka likiwa dume. Hass ni kundi A, hufunguka jike asubuhi, na dume mchana wa siku inayofuata. Usiku ukiwa wa baridi sana wakati wa maua, ratiba hii inavurugika, na kundi B ndilo linaloumia zaidi. Maua mengine hupita bila kufunguka jike kabisa. Nyuki nao asubuhi ya baridi hawatoki. Matokeo yake unakuwa na Fuerte mzima, wa kijani, uliojaa maua Septemba, na matunda ya kuhesabu. Ushauri wangu kwa mwenye nafasi ya miti miwili ni huu: Hass ukae mahali penye joto kuliko pote, karibu na ule ukuta, na Fuerte mita 6 au 7 kutoka hapo, mahali palipo wazi kidogo. Miti hiyo itasaidiana kwa chavua. Mwenye nafasi ya mti mmoja, kama sahani zake zote zilishika barafu, achukue Fuerte au Bacon. Anayeng'ang'ania Hass peke yake kwa sababu kampuni zinainunua kwa bei nzuri ajiulize kama anapanda mti wa kula na watoto au wa kupeleka nje. Kwa mti mmoja uani, hakuna lori litakalokuja.

Na ukiona mparachichi mzee wa kienyeji kijijini kwenu ambao jalidi inaupitia kila mwaka na bado unazaa, uuheshimu. Chuma jani lake bichi, lisugue viganjani, unuse. Likitoa harufu ya shamari, una mti wenye damu ya Mexico. Mbegu zake ni za kuotesha mashina ya chini. Usitegemee mbegu ikupe tunda lilelile, haitatoka hivyo. Shina la namna hiyo pia haliligeuzi Hass kuwa gumu kama lenyewe. Faida yake ni kwamba baridi ikiua sehemu ya juu, chini kuna uhai.

Kupanda kwenyewe nitakupitisha haraka, maana wengi mnakujua. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke mbali na ule wa chini, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza sawasawa, rudisha. Panda juu ya kituta cha sentimita 30, na udongo wa kiriba (mfuko wa mche) uwe sawa na uso wa kituta au umezidi kidogo. Mparachichi ukizikwa shingo unaoza, na maji yakituama mizizi inashambuliwa na ugonjwa wa kuoza ambao hauna dawa rahisi. La muhimu zaidi kwa nchi ya baridi ni tarehe: panda Novemba au Desemba, mvua zinapoanza. Miche ya Machi na Aprili huwa ya bei ya kutupa, na watu wanaikimbilia, lakini inaingia Juni ikiwa haijashika ardhi.

Mbolea ya chumvichumvi ianze mche ukishachipua. CAN (mbolea ya naitrojeni) visoda 10, yaani gramu 50 hivi, izungushwe sentimita 30 kutoka kwenye shina, kila mwezi mpaka Februari. Kuanzia katikati ya Machi, acha. Naitrojeni ya Aprili inaleta majani mapya mekundu, laini, mazuri kuyatazama, na ndiyo yatakayoungua ya kwanza na kuvuta kifo mpaka kwenye tawi.

Maandalizi ya Juni

Hapa kuna kitu kinachowashangaza wengi. Matandazo, ambayo mwaka mzima ni rafiki wa mparachichi, usiku wa jalidi ni adui wa mche mdogo. Nyasi kavu huzuia joto la udongo lisipande, na majani yaliyo juu yake hupoa zaidi. Mwishoni mwa Mei yaondoe kuzunguka mche mpaka mita moja, ardhi ibaki tupu, bila magugu, na ishindiliwe kidogo. Kisha hakikisha ina unyevu: udongo wenye maji hubeba joto la mchana kuliko udongo mkavu. Lita 20 mchana wa siku inayotangulia usiku wa hatari zinatosha kwa mche. Septemba hatari ikipita, rudisha matandazo, yawe mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Shina lenyewe lifunge kwa gunia la katani au nyasi kavu zilizokazwa kwa kamba, kuanzia ardhini hadi sentimita 20 juu ya pale palipobebeshwa. Sehemu hiyo ndiyo roho ya mche. Majani yakifa yote na kiungo kikapona, bado una Hass.

Chomeka miti minne kuzunguka mche, iuzidi urefu kwa sentimita 30. Usiku wa hatari utaujua kwa dalili: mchana ulikuwa na upepo wa baridi, jioni upepo unakata ghafla, nyota zinaonekana zote, na saa tatu usiku nyasi tayari zimelowa. Kabla jua halijazama tandaza shuka kuukuu, blanketi au viroba vilivyoshonwa juu ya miti ile, vifike mpaka chini, ukandamize kwa mawe. Kufika chini ndiko kunakoleta faida, kwa sababu unachokinasa ni joto la udongo. Kitambaa kilichofungwa kichwani mwa mche kikaishia katikati hakinasi chochote. Nailoni ikigusa majani, yaliyogusana nayo yanaungua. Ukiweza, tia ndani madumu manne ya lita 20 yenye maji yaliyoanikwa juani kutwa. Asubuhi saa tatu funua, mche upate jua. Ukiuacha umefunikwa siku nzima unapika majani.

Kuchoma nyasi au matairi ili moshi "ufukuze baridi" ni kupoteza usiku wako. Moshi hauzuii joto kutoka ardhini kupotea angani. Kunyunyizia maji juu ya majani nako ni kwa mwenye mitambo inayoweza kutoa maji mfululizo mpaka barafu yote iyeyuke. Mpira wa bomba ukikatika maji saa kumi na moja alfajiri, mti utapoa kuliko kama usingeunyunyizia kabisa.

Kazi ya kufunika ni ya miaka mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo mti ukiwa mahali sahihi unajitetea wenyewe.

Ukishaungua

Weka panga chini. Siku za kwanza majani huonekana meusi na yamelowa, kisha hukauka kuwa kahawia, na mkono unawasha kukata. Subiri mpaka Oktoba au Novemba. Majani yakidondoka yenyewe, tawi lina uhai, maana ni tawi hai tu linaloweza kuachia jani. Yakikauka na kubaki yananing'inia, tawi hilo huenda limekufa. Kwangua gamba kwa ukucha: kijani kibichi chini yake ni uhai, kahawia ni kifo. Kata pale tu machipukizi mapya yatakapokuonyesha mpaka.

Punguza maji, kwa sababu mti usio na majani haunywi, na mizizi itaoza kwenye tope. Mbolea usitie mpaka uchipue. Matawi yaliyobaki wazi yapake chokaa iliyokorogwa kwa maji, la sivyo jua la Septemba litachoma gamba na kuua kile baridi ilichoacha.

Halafu angalia machipukizi yanatokea wapi. Juu ya kiungo, chagua moja lenye nguvu lililonyooka, mengine yang'oe. Yote yakitokea chini ya kiungo, hilo si Hass wala Fuerte tena, ni shina la chini linajiotea lenyewe. Usiling'oe. Acha chipukizi moja, likifikia unene wa penseli libebeshe kikonyo kipya mvua zikiwa zimeshika. Kwa kuwa mizizi ni mikubwa tayari, litakimbia kuliko mche wowote utakaonunua.