Usikate hizo alda: jibu kwa aliyenunua eneo pembeni ya msitu, Washington

Mkuu umeuliza kama ni sawa ukate alda zote (miti ya majani mapana inayoota penye unyevu) na utoe magogo yaliyooza ili upande miti ya maana, mimi nakuomba sana acha kwanza. Nimekuwa nikijitolea kupanda miti ya asili kando ya mito huku huku jimbo la Washington, na hivyo vitu viwili jirani zako wanaviita takataka ndo vinaujenga huo msitu.

Alda nyekundu ni ndugu wa kazi wa mvinje wetu wa pwani. Chimbua mizizi yake utaona vinundu, mle kuna bakteria wa aina ya Frankia wanaochukua naitrojeni hewani na kuifanya chakula cha mti, na mvinje nao wana Frankia. Halafu alda inadondosha majani yakiwa bado mabichi kabisa, yana naitrojeni tele, udongo unanenepa bila wewe kununua mbolea. Na haikai milele, ni nadra ifikishe miaka 100, kwahiyo chini yake panda mwerezi mwekundu na hemloki, miti mikubwa ya huku inayozaa koni, maana zinavumilia kivuli, zitakuja kurithi hapo. Douglas fir, nao ni mti wa koni, usiweke kivulini, hiyo inataka jua.

Magogo sasa. Mbegu ya hemloki ni ndogo mno, ikianguka chini inakuta makangaga na majani yamebanana haipati nafasi, lakini juu ya gogo lililooza kuna unyevu hata kiangazi, na fangasi wanaoshirikiana na mizizi wapo. Nenda msitu wa mvua wa Hoh, hapa hapa Washington, kule mvua inapita mita 3 kwa mwaka, utaona miti mikubwa imejipanga mstari ulionyooka kabisa, ujue hapo palikuwa na gogo moja wote waliotea juu yake. Hakleberi nyekundu, kichaka cha matunda madogo, nayo inapenda visiki hivyo hivyo.

Kwenye mteremko wacha makangaga, yale marefu yasiyokauka msimu wa baridi, yanashika udongo mvua zikipiga mfululizo. Kando ya kijito weka samoniberi, kichaka cha matunda, inatoa maua mapema sana, ndo chakula cha vile vindege vinyonya nekta vinavyotoka Mexico, na kivuli chake pamoja na alda kinafanya maji yabaki baridi, samaki samoni wanahitaji maji baridi jamani, yakipata joto wanakufa.

Nguvu zako zote peleka kwenye ivi ya Kiingereza (mmea unaotambaa) na blakberi ya Himalaya (kichaka cha miiba), hizo ndo wavamizi, ng'oa na mizizi na urudie tena mwaka unaofuata maana zinachipua. Miche nunua kwenye mauzo ya conservation district (ofisi ya uhifadhi wa udongo na maji) ya county yako, yaani wilaya yako, huwa wanauza msimu wa baridi ikiwa mizizi wazi bila udongo, bei poa kuliko nasari (kitalu cha biashara). Panda kabla mvua hazijaisha, kiangazi cha huku ni kikavu kweli na mche uliopandwa mwezi wa sita utautesa bure. Na kabla hujagusa chochote karibu na kijito waulize county kuhusu kibali.

Ukiweza tupia picha ya hicho kijito tuone kina upana gani, nikwambie samoniberi uziweke umbali gani.