Shangazi, binti yangu anamwogopa stelingi!

*Shangazi, shikamoo. Jumamosi mume wangu alikuja na flashi yenye muvi ya Black Panther, ile iliyotafsiriwa, tukaiangalia usiku pamoja na wanetu wa miaka 4 na 7. Tangu hapo binti mdogo halali peke yake, anasema mtu wa makucha yuko nyuma ya mlango. Kaka yake naye anajifunga ushungi wangu mweusi usoni, anapanda mezani na kuruka. Nikisema, baba yao ananijibu kwamba nawadekeza, na eti mtoto gani anamwogopa stelingi badala ya adui? Nifanye nini? – Mama wa wawili, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo swali la baba watoto, maana ndilo zito. Mtoto wa miaka 4 hafuati kisa kama ninyi. Nani anadai kiti cha enzi na nani kadhulumiwa, hayo hayajui. Anachokiona ni uso usioonyesha macho wala mdomo, makucha, na mtu anayewashukia wenzake msituni usiku, tena mwanzoni tu mwa muvi. Atajuaje kuwa huyo ndiye mwema?

Marekani, watafiti Glenn Sparks na Joanne Cantor walilichunguza jambo hili kwa kutumia kipindi cha runinga cha The Incredible Hulk, matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Watoto wa chekechea waliogopa zaidi pale mtu wa kawaida alipogeuka jitu la kijani, ingawa jitu lenyewe lilikuja kuokoa watu. Watoto wakubwa zaidi hawakusumbuliwa sana na sura yake, kwani walishajua limekuja kusaidia. Kwa hiyo binti yako hana kasoro yoyote na wala hajadeka. Ana miaka 4, basi.

Ukimwambia “si kweli, ni muvi tu”, kwa umri wake hayamsaidii sana. Mkumbatie, mpe maji, mwachie taa, kaa naye mpaka apitiwe na usingizi. Mchana nendeni wote mkaufungue huo mlango, aone ndala na ufagio kwa macho yake. Na ushungi ufiche leo hii hii! Kaka mtu akitokea nao usoni, hofu yote inarudi upya.

Kaka naye ana lake. Mtangazaji wa watoto huko huko Marekani, Fred Rogers, alihangaishwa na habari za watoto wanaoumia wakiwaiga mashujaa wa kwenye runinga. Mwaka 1980 akawaonyesha watazamaji wake mahali The Incredible Hulk inaporekodiwa, wakamwona Lou Ferrigno, mwigizaji wa lile jitu, akipakwa ile rangi ya kijani. Mtoto wa miaka 7 analielewa hilo vizuri. Baba yake amweleze kuhusu kamba, magodoro na kompyuta zinazotumika, kisha amwekee sharti: kuruka ni uwanjani, mezani marufuku. Amuulize pia kuhusu yule mtoto wa kwenye Black Panther anayemkuta baba yake amekufa sakafuni. Kwa umri wa kijana wako, pengine hilo ndilo limemkaa moyoni kuliko ngumi zote, na hajapata wa kumwambia.

Mumeo simlaumu kwa kutaka wanawe wamwone mfalme wa Kiafrika na dada yake mwanasayansi. Hata mimi ningetaka. Ila kwao Marekani muvi hiyo ina alama ya PG-13, yaani wazazi wanaonywa vikali kuhusu walio chini ya miaka 13. Ukiinunua kibandani kwenye flashi, alama huioni, na mtafsiri anawachekesha watu wazima hata pale mtu anapochomwa kisu. Ndiyo maana lazima mmoja wenu aiangalie kwanza yote. Kisha kijana akae na baba yake, mchana, rimoti mkononi, na pakizidi wasimamishe waongee. Binti asubiri akue.

Wiki zikipita na binti bado anaamka akilia, au ameanza tena kukojoa kitandani, mpeleke kliniki akaonwe.

Na mumeo zungumza naye watoto wakiwa wamelala, bila kumtafutia kosa. Msomee hayo ya Hulk, halafu kesho usiku mwombe yeye ndiye amlaze binti.