Ukiletewa rivyuu ya gemu uipitie, usikimbilie kusema "kali sana"

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza kanitumia meseji ndefu. Kwa kifupi anasema mshkaji wake wa karibu kaandika rivyuu ya eFootball, gemu ya mpira, ya kwenye simu, kamtumia aipitie kabla hajaiposti, yeye kasoma kaona mule ndani hamna kitu, sasa anauliza amwambie ukweli urafiki uingie doa au ampe tu "kali sana kaka" yaishe. Nimeona nisimjibu peke yake, nimjibu hapa, maana wengi wetu tunaota kitu kimoja, siku moja tutumiwe gemu kabla haijatoka, tuicheze, tuandike, na watu wasubiri neno letu kabla ya kutoa hela yao. Huko hatufiki kama kazi zetu tunapitishiana kwa "kali sana kaka".

Mimi kupitia rivyuu za madogo nafanya muda sasa. Silipwi na wala sijaomba kulipwa, wananitumia WhatsApp usiku usiku, nasoma, najibu. Na nasema kwa kujiamini kabisa, kitu kinachosaidia kuliko vyote ni swali moja tu: ulikuwa wapi kwenye gemu ulipoona hicho unachosema? Swali hilo ukiliuliza vizuri kazi nusu imeisha, mengine yote ntakayosema hapa ni kulirudia rudia tu kwa namna nyingine.

Ntawapa mfano. Kuna dada mmoja wa Tanga alinitumia rivyuu ya Tales of Kenzera: ZAU. Kwa wasioijua, ni gemu iliyotoka Aprili 2024, imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule yule aliyeweka sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Jamaa alifiwa na baba yake, na gemu yenyewe inamhusu kijana mganga anaitwa Zau aliyefiwa na baba, anaenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, wanaingia makubaliano kwamba akimletea roho tatu kubwa baba yake atarudishwa. Kitu kikubwa kwetu ni kwamba unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Sasa gemu yenye vitu vyote hivyo, rivyuu ya dada yetu ilikuwa hivi: "Grafiksi kali, stori inagusa, gemplei nzuri ila ngumu kidogo, 8 kwa 10." Kulikuwa na maneno mengine ya kujazia lakini ukiyakamua unabaki na hayo.

Sikumwambia mbovu, na sikumwambia nzuri. Nilimuuliza, "stori inagusa", ilikugusa ukiwa wapi? Na "ngumu kidogo", ulifia wapi ukarudia mpaka ukachoka?

Akanirudishia voisi ndefu, na humo kwenye voisi ndo kulikuwa na rivyuu. Akaniambia kuna sehemu Zau anafika kwenye mbuyu anakaa chini, adui hamna, anaanza kuongea habari za baba yake, na yeye alikuwa kaweka sauti ya Kiswahili, akasema "kaka mimi sijawahi kusikia mtu anaongelea msiba kwa lugha ninayoongea nyumbani, kwenye PS5, niliweka pedi chini nikasikiliza mpaka mwisho." Halafu kwenye ugumu akaniambia kupigana hakumsumbui kabisa, Zau ana vinyago viwili, cha jua unapiga kwa karibu, cha mwezi unarusha kwa mbali, unabadilisha katikati ya pigano, raha tupu, ila sehemu za kukimbia na kuruka ambazo ukigusa pabaya umekufa hapo hapo zilimtoa kwenye stori, maana mtu uko kwenye majonzi unataka kujua kitakachofuata unajikuta unarudia ukuta ule ule.

Nikamwambia andika hicho hicho ulichoniambia kwenye voisi, usiongeze neno la kiredio redio, na usianze na "habari zenu wapenzi wa magemu". Akaandika. Rivyuu iliyorudi, mtu asiyependa kurukaruka akiisoma anajua hela yake aiache mfukoni, na mtu anayetafuta stori akiisoma anajua gemu ni yake. Mwezi uliopita tovuti moja ya Nairobi imemuomba aandike nyingine, kwa malipo. Aliponitumia ile meseji nilifurahi kama ni mimi niliyepewa kazi, na sitaki kuficha kwamba najivunia, ingawa kila neno kwenye ile rivyuu ni lake, hakuna sentensi hata moja niliyomwandikia.

Na hapo ndo wengi mnaharibu. Mtu kakuletea rivyuu, wewe unafungua unaanza kumwandikia upya, unabadilisha sentensi zake ziwe zako, unamrudishia anasema asante, kesho anaandika nyingine mbovu ile ile maana hakujifunza chochote. Muulize, subiri akujibu, mwambie aweke majibu yake ndani. Ni kazi ya kuchosha kuliko kumwandikia, najua, lakini ndo inayomkuza.

Nina sababu ya kuwa mkali kwenye hili. Nilipokuwa naanza niliandika kuhusu gemu ya GTA San Andreas, ile ya simu iliyotoka Disemba 2013. Sisi tulikuwa tumeizoea kwenye PS2, kibandani, unalipia muda wako, unapewa pedi ambayo kitufe kimoja hakibonyezeki mpaka ukikandamize. Nilieleza jinsi kona inavyokushinda ukiendesha kwa kidole kwenye kioo, kwamba kidole hakisikii kitu chochote chini yake, kwa hiyo macho yanaacha barabara yanaenda kuangalia vitufe viko wapi, na kwamba misheni za kukimbizana na magari zinakuwa gemu nyingine kabisa kuliko ile tuliyoizoea. Nikampelekea bro mmoja aliyekuwa anaheshimika sana kwenye mambo haya. Hakunijibu inboksi, alinijibu kwenye grupu mbele ya watu wote, "dogo rudi shule kwanza ukajifunze kuandika." Watu wakacheka, vikatuni vya kucheka vikajaa. Hakuna hata mmoja aliyegusa nilichosema kuhusu kidole na kona, kama nilikosea au nilipatia mpaka leo hajaniambia mtu. Nilikaa muda mrefu sana bila kuandika. Na huyo bro bado yupo, bado anaposti, na nikiona jina lake moyo unaniuma, sitasema uongo.

Kwa hiyo ndugu zangu, mrejesho unapewa inboksi. Grupu ni la kumsifia mtu, kumrekebisha kunafanyika pembeni, hiyo kwetu ni adabu ya kawaida tu ambayo tumefundishwa nyumbani sijui kwa nini tukishika simu tunaisahau. Na ukimrekebisha shika kile alichosema kuhusu gemu. Kama kasema udhibiti ni mbovu, zungumzia udhibiti. Herufi zake, r na l zake, nukta zake, hayo yaje mwisho kabisa, rivyuu ikishakuwa na nyama. Mtu aliyeona kitu cha kweli akakiandika kwa makosa ya herufi ni wa kulea, herufi utamrekebishia baadaye.

Sasa swali letu la "ulikuwa wapi" lina wadogo zake, na wa kwanza ni: umecheza kwenye mashine gani? Msidharau hili. Kumbukeni Cyberpunk 2077, ilitoka Disemba 10, 2020. Waandishi wakubwa walipewa mapema toleo la kompyuta, wakaicheza kwenye mashine za nguvu, wakaimwagia sifa. Watu wakaenda kuinunua ya PS4 na Xbox One wakakuta gemu inazima, inakwama, watu wanapotea sura barabarani, mpaka Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa dukani kwao Disemba 18 wakaanza kurudisha watu hela, ikaja kurudi Juni 2021. Waliosifia ile ya kompyuta waliandika walichokiona. Lakini mtu wa PS4 aliyesoma sifa bila kuangalia imechezwa kwenye nini, hela yake ilienda. Ukiletewa rivyuu ambayo haitaji mashine, irudishe, usiendelee hata kusoma.

Mdogo wa pili ni lini, toleo gani. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016, watu walikasirika kwa sababu waliahidiwa mengi hawakuyakuta, aliyeandika wakati ule kwamba huwezi kucheza na wenzio kama ulivyotegemea alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2018 ikaja apdeti yao kubwa ya NEXT, mkawa mnacheza pamoja. Dogo akikuletea leo rivyuu inayolalamika mambo ya 2016, muulize taratibu tu, umeicheza mwenyewe au umesoma malalamiko ya watu? Utashangaa wangapi hawajacheza. Tena muulize kafika wapi. Duka la Steam, la magemu ya kompyuta mtandaoni, pembeni ya kila rivyuu linaonyesha mtu kacheza saa ngapi, sisi tunaoandika kwenye kurasa zetu hatuna hiyo, kwa hiyo aseme mwenyewe, "nimeishia kwa bosi wa pili", yaani adui mkubwa wa pili, haina aibu yoyote, aibu ni kuhukumu mwisho ambao hujaufikia.

Nirudi kwenye eFootball ya mshkaji wa yule msomaji wa Mwanza maana hapa ndo penye utamu. Konami, kampuni inayoitengeneza, mwaka 2021 waliacha jina lake la zamani la PES, eFootball mpya ya konsoli na kompyuta ikaingia Septemba 30 mwaka huo huo na sura za wachezaji zilizochekwa dunia nzima. Hiyo stori kila mtu anaijua na kila mtu kashaiandika, Uingereza wameandika, Marekani wameandika, na wana vifaa kuliko sisi. Mshkaji wako akiiandika tena anashindana nao kwenye uwanja wao. Wewe muulize vitu ambavyo wao hawawezi kuvijua. Unachezea simu gani, ni Tecno au Infinix ya RAM ndogo? Mechi ya onlaini saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye mtandao, mpira unakwama ukiwa umebaki na kipa? Bando la wiki linaisha siku gani? Simu inachemka kipindi cha pili mpaka unabadilisha mkono? Apdeti ikija inakula nafasi mpaka ufute picha za nani? Hayo akiyaandika kijana wa Kigoma au Mombasa mwenye simu kama yake anasoma mpaka mwisho, kwa sababu hakuna mwandishi wa London aliyemwandikia yeye.

Hiki ndo kitu ninachotamani kila anayepitia kazi za wenzie akielewe. Madogo wetu wanajiona wadogo kwa sababu hawana PS5, hawana kompyuta ya milioni kadhaa, kwa hiyo wanaandika kama vile wanazo, wanakopi maneno ya wenye navyo, "grafiksi za kutisha", "ulimwengu mpana", na yeye kacheza kwenye kioo chenye ufa. Kazi yako wewe unayempitia ni kumrudisha kwenye kioo chake. Mwambie ufa uandike, kama ufa umepita juu ya kitufe cha kupiga shuti hiyo ni sehemu ya maisha ya mchezaji wa huku na ina haki ya kuandikwa. Tukiendelea kuona aibu na tulichonacho tutabaki kuwa mwangwi wa watu wengine, na nasema hivi nikiwa naumia kweli, maana vipaji nimeviona kwa macho yangu, vinapotea kwa kukosa mtu wa kuwauliza swali moja.

Halafu alama. Watu mnapenda kubishana kuhusu alama, "kwa nini 8, mimi ningeipa 6". Achaneni nayo mpaka mwisho. Kule Japani jarida la Famitsu linatumia waandishi wanne, kila mmoja anatoa alama zake kwa 10, jumla 40, na gemu ya kwanza kupata 40 zote ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998. Waandishi wanne, tena wenye kazi hiyo hiyo, bado kila mmoja anatoa namba yake. Wewe na mshkaji wako wawili mtagombania nini? Mimi nikitumiwa rivyuu huwa naifunika ile namba kwa kidole gumba nasoma maneno kwanza, nikimaliza najikadiria mwenyewe huyu mtu angetoa ngapi kwa haya aliyoandika. Nikifunua nikakuta tofauti kubwa namwambia tu, maneno yako yanasema 5 na namba yako inasema 9, chagua mmoja anayesema kweli. Mara nyingi wanarekebisha maneno, na maneno yanakuwa bora, kwa sababu anagundua kuna kitu alikipenda hakukiandika.

Na ukishampa mrejesho, mwache. Akiamua kuposti bila kubadilisha kitu ni kazi yake na jina lake, usianze kumsema pembeni. Akirudi mara ya pili, muulize tena lile lile.

Wenye rivyuu zao nitumieni, napokea, ila juu kabisa niandikie umecheza kwenye nini, toleo gani na umefika wapi. Na kama unaona uvivu kuandika nitumie kwanza voisi, huwa nasikiliza zote.