Jibu: Hilo ni gugu karoti, mbuzi usiwape

Mkuu, umeuliza kama hayo majani yanayofanana na ya karoti yaliyoota kiwanjani kwako Kibamba, baada ya kumwaga samadi ya kutoka Arusha, unaweza kuwakatia mbuzi. Usiwape kabisa! Kwa maelezo yako hilo ni gugu karoti. Asili yake Amerika, na Arusha limeshawasumbua sana wafugaji. Mbuzi akilila, maziwa yanakuwa machungu. Watu linawatoa vipele na kuwaamshia pumu, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Hakikisha kwanza. Shina lina mifereji midogo ya kwenda juu. Ua ni jeupe, dogo sana. Ukilisogeza karibu na jicho utaona pembe 5.

Usifyeke, litachipua tena. Mvua ikilainisha udongo vaa glavu na barakoa, ling'oe na mzizi kabla halijachanua, maana mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Yenye maua yafunge kwenye kiroba hapohapo, yasiende kwenye mboji. Kila mvua ikinyesha kagua tena, mbegu hukaa ardhini miaka.

Samadi iliyobaki tafadhali usimgawie mtu. Mwite afisa kilimo wa kata aione, na majirani waonyeshe mmea wenyewe.