Boti Ipo, Mafuta Hakuna: Maswali Yenu Kuhusu Idara za Uvuvi Kanda ya Ziwa

Afisa uvuvi wetu ni mmoja, mialo (vituo vya kupokelea samaki) ni kumi na moja. Mbunge na mkurugenzi wanatupiana mpira. Nani hasa anaajiri? (Mwenye mitumbwi, Ukerewe)

Wote wawili hawaajiri. Mkurugenzi huomba nafasi kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi inayokwenda pamoja na bajeti ya mishahara. Ofisi ya Rais, Utumishi wakitoa kibali, Sekretarieti ya Ajira hutangaza nafasi, husaili na kupanga watu vituo. Nafasi isipokuwemo kwenye ikama, hata vijana wa FETA Nyegezi, chuo cha uvuvi cha serikali, wajae mtaani na stashahada zao, hakuna atakayeletwa kwenu.

Mbaneni diwani kwa swali moja: ikama ya mwaka ujao imeomba maafisa uvuvi wangapi? Aulizwe bajeti ikiwa bado inaandaliwa, kabla ya Machi. Julai Mosi ikifika mmeshachelewa mwaka mzima. Kumbukeni pia kwamba uvuvi umewekwa idara moja na kilimo na mifugo, hivyo nafasi zikiwa chache afisa wenu anagombea mlango mmoja na mabwana shamba.

Boti ya doria imefungwa mwaloni tangu Pasaka, na afisa anakula mshahara kila mwezi. Huu si ubadhirifu? (Sengerema)

Pigeni hesabu kwanza. Mshahara wa afisa hutoka Hazina, lakini mafuta ya boti hutoka kwenye matumizi mengineyo, yaani fungu la uendeshaji, na kwa halmashauri nyingi maana yake ni mapato ya ndani, ambayo kila idara inayanyooshea mkono. Mashine ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili, ikikimbizwa hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Doria ya saa sita ni kama lita 100 za petroli na lita 2 za oili, na bado posho, plagi za akiba na matengenezo. Doria nne kwa mwezi ni lita 400, kwa mwaka ni 4,800. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu, kisha ombeni kuona kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya mafuta ya uvuvi. Kasma ikitosha doria kumi tu, boti hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya picha ya uzinduzi.

Tatizo la pili ni majira. Fedha huja kwa mafungu, na fungu kubwa likija Mei linatumiwa haraka kabla mwaka wa fedha haujafungwa Juni 30. Doria nane za Juni hazimzuii mwenye kokoro, wavu haramu wa kukokota, wa Novemba. Mara nyingine fedha ipo, ila afisa hajarejesha masurufu (fedha ya kutangulizwa) ya safari iliyopita, na mhasibu hamtolei mengine mpaka alete stakabadhi.

Ubadhirifu mtautafuta kwenye logibuku, yaani daftari la safari za boti. Stakabadhi ikisema lita 100 na logibuku ikionyesha mashine iliwaka saa mbili, hapo kuna hoja ya ukaguzi.

Afisa huyohuyo anatoa leseni, anakusanya ushuru na anakamata nyavu. Ni sawa? (Mchuuzi, Musoma)

Ni mpango mbovu, ingawa unaeleweka pale mtumishi ni mmoja. Aliyewekewa lengo la makusanyo hana hamu ya kumfungia anayelipa. Dawa ya kwanza ni malipo yote kupita kwenye kontroo namba, asishike fedha mkononi. Ya pili ni doria kuunganishwa na watu wa wizara au wa wilaya jirani. Ya tatu, ambayo ndiyo inayosahaulika, ni daftari la zana zilizokamatwa: idadi ya vipande, ukubwa wa jicho la wavu, mwalo, tarehe, saini ya mwenye mali na ya shahidi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni. Bila daftari hilo, timba (wavu haramu wa uzi mmoja wa plastiki) iliyokamatwa Jumatatu inarudi majini Ijumaa kwa bei ya chee.

Kamati yetu ya BMU imejaa matajiri wa mitumbwi. Inaruhusiwa? (Mvuvi, Rorya)

Hapana. Kwa miongozo ya BMU ya Ziwa Victoria, kamati ina watu 9 hadi 15: asilimia 30 wenye mitumbwi, 30 wavuvi wanaoingia majini, 10 wachuuzi, na 30 wengine kama wachakataji na mafundi mitumbwi. Wanawake wasipungue watatu. Ombeni mkutano mkuu wa wanachama, afisa uvuvi awepo, na mapato na matumizi yasomwe kabla ya uchaguzi.

Nani anawakagua hawa wote? (Magu)

Mkaguzi wa ndani, kisha CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi. Hoja za halmashauri huishia LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Mkitaka nakala ya matumizi, andikeni barua mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Afisa ana siku 30 kujibu.

Tupeleke malalamiko LVFO, Jinja? (Bunda)

Hapana. LVFO, Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa 1994, huoanisha kanuni na tafiti za nchi za ziwa. Halina mamlaka juu ya afisa wa halmashauri. Anzeni na kamati ya uchumi, ujenzi na mazingira ya baraza lenu la madiwani.