Nasoma Kifaransa naelewa, wakizungumza siambulii kitu. Nifanyeje?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa pili najifunza Kifaransa kwa programu ya simu, dakika 20 kila siku bila kukosa. Habari fupi nasoma na kuelewa, kamusi naigusa mara mojamoja tu. Wiki mbili zilizopita niliingizwa kwenye kikao cha kazi cha mtandaoni na wenzetu wanaozungumza Kifaransa. Nusu saa nzima sikuambulia ila "bonjour" na "merci". Baadaye wakatuma muhtasari wa kikao kwa maandishi, nikausoma, nikakuta karibu maneno yote nayajua! Rafiki yangu ananishauri nifungulie redio ya Kifaransa kutwa hata kama sielewi, ati sikio litazoea lenyewe. Mwingine anasema kwa umri huu nimechelewa. Nifanyeje? Na kuzungumza nako nianze lini?

JIBU

Marahaba. Sehemu ya barua yako niliyoisoma mara mbili ni hiyo ya muhtasari. Maneno uliyoyatambua kwa macho ndiyo hayo hayo yaliyokupita masikioni. Kwa hiyo msamiati unao. Usichonacho ni sauti ya msamiati huo, na hilo ni somo la peke yake. Hukulipata kwa sababu siku zote unaliona neno kwanza, kisha ndipo unasikia likitamkwa. Jicho likishajibu, sikio halina kazi tena.

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili shida hii hutubana zaidi. Kiswahili tunakiandika kama tunavyokitamka. Kila irabu inasikika, na mkazo karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiusikia mkazo, unajua imebaki silabi moja neno liishe. Sikio lako limezoea kuonyeshwa mpaka wa kila neno bila wewe kujua kwamba linaonyeshwa. Kifaransa hakiweki mpaka huo: mkazo huangukia mwisho wa kifungu kizima, na maneno yaliyo ndani ya kifungu hushikana kama shanga kwenye uzi.

Chukua "je ne sais pas", yaani "sijui". Kwenye karatasi ni maneno manne. Kwenye mazungumzo ya kawaida "ne" hudondoka, "je" na "sais" huungana, na kinachofika sikioni ni kitu kama "shepa". Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika "shepa" kwenye daftari na kuitafuta kwenye kamusi jioni nzima. Nilimpongeza kwa dhati, kwa sababu alikuwa amesikia sawasawa. Vivyo hivyo "il y a" huwa "ya" tu, na "tu as" huwa "ta". Anayesubiri kusikia maneno kamili kama yalivyo kitabuni atasubiri sana.

Kuna pia sauti ambazo hatuna kabisa. Sisi tuna irabu tano. Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo. Neno "tu" (wewe) na neno "tout" (yote) sikio letu huyaweka kwenye kapu moja la "u". Hasara yake unaiona kwenye "dessus", juu yake, na "dessous", chini yake: ukikosea irabu moja, umeweka kitu mahali kinyume kabisa. Ile irabu ya "tu" unaipata hivi: sema "i" ndefu, na huku ukiendelea kuisema kunja midomo kama unayetaka kupuliza. Ulimi usisogee. Zipo pia irabu zinazotokea puani: "vin" ni mvinyo, "vent" ni upepo, "vont" ni wanaenda, na tofauti yote iko kwenye irabu.

Pengine tunabahatika. "Ils ont" (wana) husikika kwa z, "ils sont" (wao ni) kwa s. Sisi tunaotofautisha "sana" na "zana" hatuna sababu ya kukosea hapo, ila mtu asipoambiwa aelekeze sikio kwenye hiyo z, humpita.

Kuhusu umri, usikubali kuvunjwa moyo. Ni kweli mtoto, hata kabla ya kutimiza mwaka, sikio lake huwa limeanza kuelemea sauti za lugha ya nyumbani. Lakini mlango haufungwi. Mwaka 1991 watafiti Logan, Lively na Pisoni waliwafundisha Wajapani watu wazima kutofautisha r na l za Kiingereza, jambo linalowasumbua sana, na wakaboreka. Jambo la kuiga kutoka kwao ni kwamba sauti zilitoka kwa wasemaji kadhaa. Ukijifunza kwa sauti moja ya programu, unaizoea sauti hiyo tu. Tafuta wanawake na wanaume, wazee na vijana, waongeaji wa haraka na wa taratibu.

Ushauri wa redio kutwa naukataa. Lugha usiyoielewa hupita kama mvumo wa feni. Stephen Krashen, mtaalamu aliyetetea kwa nguvu kuliko wengi kwamba lugha huingia kwa kusikiliza na kusoma, alisisitiza kuwa kinachosikika lazima kieleweke, kiwe juu kidogo tu ya pale ulipofika. Redio ina wakati wake, na wakati huo kwako bado.

Badala yake nakupa zoezi la zamani ambalo watu wamelidharau: imla. Tafuta mazungumzo yaliyorekodiwa yenye nakala ya maandishi, ukate kipande cha dakika moja, isizidi. Nakala usiitazame. Sikiliza mara mbili upate picha ya jumla, kisha rudi sentensi kwa sentensi na uandike unachosikia, hata kama ni "shepa". Pale usiposhika kitu, acha nafasi. Ukiona umerudia mara tano na hakuna jipya, fungua nakala usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na wengi hufunga daftari dakika hiyo. Kila kosa liulize swali: neno hili nililijua? Kama hukulijua, ni suala la msamiati, liandike uendelee. Kama ulilijua na bado hukulisikia, umeokota dhahabu. Liwekee duara. Rudia sehemu hiyo ya rekodi ukiwa unatazama maandishi, halafu ukiwa umefumba macho, mpaka usikie jinsi "ils ont" inavyokuwa "ilzo" na ile "o" ikitokea puani. Kisha tamka pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo kama kivuli, kwa kasi yake na pumzi yake. Mdomo ukishaweza kuyaunganisha maneno, sikio huyatambua kwa urahisi zaidi yakija yameungana.

Kipande hicho kirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kila mara ukianza bila maandishi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Hilo la kuanza bila maandishi usiliruke. Watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma tena matini na wale waliojaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojilazimisha kukumbuka ndio walioongoza. Ndiyo maana sishangai kwamba programu yako imekupa alama nyingi na imekuacha mikono mitupu kikaoni: mara nyingi ilikuwekea majibu manne uchague, na kuchagua si kukumbuka.

Filamu na vipindi ni vizuri, lakini ukiweka tafsiri ya maandishi chini, ujue unasoma. Anza bila maandishi, kisha weka ya Kifaransa chenyewe kuhakiki.

Kuzungumza anza wiki hii, na si lazima umpate mtu. Tumia zoezi ambalo Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, amelieleza sana. Chagua jambo unalolijua, mathalani kazi unayofanya, ulieleze kwa dakika nne. Mara moja ulieleze tena lile lile kwa dakika tatu. Kisha kwa mbili. Usibadilishe habari. Mara ya kwanza utakuwa unatafuta maneno. Mara ya tatu maneno yapo na unachofanya ni kuyafanya yatiririke. Jirekodi zote tatu na usikilize ya kwanza na ya mwisho. Kwa mtu wa kumsikiliza ni vizuri zaidi, lakini kumkosa kusikucheleweshe.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu nahisi unajilaumu. Dakika 20 kila siku, hata tukihesabu miaka miwili kamili, ni takriban saa 243. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria zaidi ya saa 600 za darasani ili mzungumzaji wa Kiingereza akimudu Kifaransa kikazi, na Kiingereza kinashirikiana na Kifaransa maelfu ya maneno. Hujashindwa, bado uko njiani. Ukiweza, fikisha dakika 40: nusu ya kwanza iwe imla na kivuli, iliyobaki igawe kati ya kusoma na kuzungumza. Ukiwa na 20 tu, punguza programu kabla ya kupunguza imla.

Na kikao kijacho kikija kabla hujawa tayari, usiseme tu "sijaelewa", maana msemaji hajui arudie wapi, ataongeza sauti tu. Mtajie neno la mwisho ulilolishika: "J'ai compris jusqu'à…", yaani nimeelewa mpaka hapa, utaje neno hilo, kisha umalizie "et après ?", na baada ya hapo? Mara nyingi atarudia kipande hicho tu, tena taratibu. Uliza kama unaweza kupata rekodi ya kikao. Ukiipata, dakika yake moja ndiyo imla yako ya kesho, na sauti zake ndizo utakazokutana nazo tena.