Somo la Kiingereza lilivyoninyooshea Kiswahili

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni somo gani la chuoni limekufaa zaidi tangu uanze kazi? Mimi ni afisa maendeleo ya jamii hapa Temeke, na jibu langu ni somo la uandishi wa Kiingereza, lile la mwaka wa kwanza ambalo wengi hulipitia haraka ili wafike kwenye masomo ya fani. Tena limenifaa kwenye Kiswahili kuliko kwenye Kiingereza, maana barua, dokezo, muhtasari wa kikao na taarifa ya robo mwaka, vyote naviandika kwa Kiswahili.

Wengi wetu hufika chuoni na Kiingereza cha mtihani. Miaka 7 ya shule ya msingi ya serikali unasoma kwa Kiswahili, kisha ukiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na mwanafunzi anajiokoa kwa kukariri. Swali la Historia likitaka hoja sita, unashusha sita, utangulizi juu, hitimisho chini, umemaliza. Hakuna anayekuuliza hoja ya tatu imetokana na nini, wala ingekaa ya kwanza kingeharibika nini.

Madam wetu ndiye aliyeuliza. Alitaka aya moja tu kwa wiki, na hakuipa maksi mpaka iandikwe upya. Pembeni mwa sentensi alikuwa anaandika kwa penseli neno moja: nani? Umeandika kwamba uamuzi ulifikiwa, nani aliuamua? Umeandika kwamba maadili ya vijana yameporomoka. Nani ameyaona yakiporomoka, na wapi? Zilipoanza insha ndefu alituletea mkasi. Unakata insha yako aya kwa aya, unazichanganya mezani, mwenzako anazipanga. Akizipanga kinyume na ulivyoziweka na insha ikasomeka vilevile, Madam anakwambia umeandika orodha, rudi ukaandike hoja. Nilianza kuelewa hapo kwamba aya inatakiwa kuidai aya inayofuata.

Naamini hata ugeni wa Kiingereza ulichangia. Kwa Kiswahili, mtu mwenye ulimi mwepesi anajaza ukurasa mzima bila kusema jambo, kwa sababu maneno yanajileta yenyewe: katika nyanja mbalimbali, kwa mustakabali wa jamii kwa ujumla. Kwa Kiingereza sikuwa na akiba hiyo. Ilinibidi nijue ninachotaka kusema kabla sijaanza sentensi, nikitafute kitenzi chake, nimtaje mtendaji. Mazoea hayo nilirudi nayo kwenye Kiswahili, na hayajaniacha.

Faida yake naiona zaidi kwenye maandiko ya miradi ya vikundi. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba lazima kieleze kitafanya nini na fedha. Akina mama wa Mbagala wanaokaanga samaki waliniletea andiko lililoanza hivi: "Kikundi chetu kinatarajia kujikwamua kiuchumi kupitia ujasiriamali ili kuinua kipato cha wanakikundi na jamii kwa ujumla." Sentensi kama hiyo inaweza kuwa ya washona nguo au wafuga kuku, na anayeisoma hawezi kujua kama hawa watarejesha mkopo.

Tukakaa kwenye mkeka, nikawauliza yale ya Madam. Nani anakwenda kununua? Saa ngapi? Mnarudi na nini? Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, akanijibu, "Mwanangu, shida yetu si kununua, shida ni jioni." Kumbe wanakwenda soko la samaki la Feri alfajiri, wananunua mnadani kwa ndoo, wanakodi bajaji hadi Mbagala, wanakaanga na kuuza. Hawana friza. Siku mvua ikinyesha na watu wasipotoka, samaki waliobaki wanauzwa usiku kwa bei ya kutupa, na faida ya siku mbili inaliwa na jioni moja. Andiko jipya likaanza na jioni hiyo. Friza ikafuata, kisha bei yake, halafu samaki wangapi wangelala salama, mwishoni namna marejesho yatakavyotoka kwenye hasara iliyookolewa. Hata mkasi ungeshindwa kuzichanganya aya zile. Na maneno yote yalikuwa ya kwao. Mimi niliuliza tu na kupanga.

Najua kuna wasomaji watakaosema habari kama hii inakikweza Kiingereza. Nawaelewa, na hofu yao ina msingi, kwa sababu kijana anayeona Kiingereza pekee ndicho kinachofundishwa kwa uzito huo atadhani Kiswahili hakihitaji kufikiriwa. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hukumu, viapo na hati za madai zinahitaji watu waliozoea kuandika upya, na vivyo hivyo taarifa za zahanati na mihtasari ya mitaa. Kuongea Kiswahili tangu utotoni hakumpi mtu mazoea hayo.

Ombi langu kwa vyuo vyetu, basi, ni somo la namna ile kwa Kiswahili, mwaka wa kwanza, kwa fani zote: wauguzi, mafundi, wahasibu. Nimewahi kulizungumza na walimu, na jibu lao ni kwamba madarasa ni makubwa, nani atasahihisha aya za watu wote hao kila wiki? Darasa letu nalo lilijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Madam alitupanga wawili wawili, kila mmoja anasoma aya ya mwenzake kwa sauti na kuandika "nani?" mahali panapostahili, aya inaandikwa upya palepale, ndipo inapelekwa mezani kwake. Kilichomfikia kilikuwa rasimu ya pili. Penseli na mkasi tulichangishana wenyewe.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam